Toa Kwanza, Ndipo Uvute: mwongozo wa pumzi kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu

Mtu akibanwa na kifua mbele za watu, kila aliye karibu huwa na ushauri uleule: "Vuta pumzi! Vuta kwa nguvu!" Shangazi anausema, kondakta wa daladala anausema, na muuguzi mwenye haraka naye anausema. Kwa mwenye pumu ya miaka mingi, au mwenye mapafu yaliyoliwa na moshi wa kuni na sigara, au aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu, ushauri huo mara nyingi humwongezea taabu. Kifua chake kimeshajaa. Hewa iliyoingia imeshindwa kutoka, na mpya haina pa kukaa. Karibu kila utakachosoma hapa kinatokana na jambo hilo.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya dawa wala ya daktari. Wenye pumu hasa walisikie hili mapema: kifua kikibana ghafla, dawa ya kuvuta ndiyo ya kwanza, na mbinu za kupumua huja pembeni yake.

Kabla ya kuanza: ujue unaugua nini

Kukosa pumzi ni dalili, na dalili hiyo ina wazazi wengi: moyo uliochoka, upungufu wa damu, maji kwenye mapafu, kifua kikuu. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, makohozi yapimwe TB, hata kama uliwahi kuugua ukatibiwa ukapona.

Kisha omba kipimo cha spirometria. Unapuliza kwa nguvu zako zote kwenye mrija, na mashine inalinganisha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote uliyopuliza. Ikiwa sekunde ya kwanza imetoa chini ya asilimia 70 ya yote, hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, kuna mbano usioisha. Zahanati nyingi hazina mashine hii, kwa hiyo omba rufaa. Nasisitiza kwa sababu watu wengi kwetu hutibiwa "nimonia" mara tatu kwa mwaka, au hurudishiwa dawa za TB bila kipimo kuonyesha TB, kumbe shida ni mapafu yaliyobaki na kasoro baada ya ugonjwa wa kwanza. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2016 ulipima watu 501 waliokuwa wakikaribia kumaliza au wamemaliza dawa za TB ya mapafu, ukakuta karibu robo tatu yao mapafu hayafanyi kazi sawasawa. Kupona vijidudu ni jambo moja, na kupona mapafu ni jambo jingine.

Hatua ya 1: Elewa hewa inakwama wapi

Usiiruke sehemu hii. Ukiielewa, hatua nyingine zote utazikumbuka bila kukariri.

Mapafu hayana msuli wa kuvuta hewa. Kazi hiyo hufanywa zaidi na kiwambo, msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, ambao ukitulia huwa umeinuka kwa umbo la kuba. Kiwambo kikijikaza kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kikilegea, mapafu hunywea yenyewe kwa sababu yana unyumbufu, na hewa inatoka bila jasho. Kwa mtu mzima mwenye afya, kutoa pumzi ni mapumziko.

Ugonjwa sugu huharibu hasa safari ya kutoka. Njia za hewa zimevimba, zimejaa makohozi, au kuta zake zimelegea kwa kupoteza unyumbufu. Ukivuta, kifua kinapanuka na kuzivuta njia hizo zifunguke kidogo. Ukitoa, zinabanwa. Ndiyo maana mluzi wa kifuani husikika zaidi wakati wa kutoa.

Sasa tufanye hesabu. Ukipumua mara 15 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 4 za kuingia na kutoka. Panda ngazi, au shtuka tu, ufike mara 30 kwa dakika: kila pumzi imebaki na sekunde 2. Hewa ambayo kwenye mapafu yako ingehitaji sekunde 3 kutoka haipati hata moja na nusu. Inabaki ndani. Pumzi inayofuata inaingia juu yake na kubakiza nyingine. Baada ya dakika moja au mbili kifua kimeinuka, mabega yamepanda karibu na masikio, na kiwambo kimesukumwa chini hadi kikawa bapa. Msuli ulioshuka hadi mwisho hauna pa kushuka tena. Ubongo unauamuru uvute, msuli unajikaza, hewa haiingii. Pengo hilo kati ya amri na matokeo ndilo mgonjwa analihisi anaposema "hewa haifiki."

Daktari Denis O'Donnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, Canada, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi kwa kuwapima wagonjwa wakiendesha baiskeli ya maabara. Walionyesha kwamba kurundikana huku kwa hewa wakati wa jitihada ni miongoni mwa sababu kuu zinazowasimamisha wagonjwa njiani.

Wewe unayemuuguza mtu, na una afya, jaribu hivi. Vuta hewa hadi kifua kijae kabisa. Sasa, bila kuitoa, endelea kupumua kwa pumzi fupi fupi huko juu kwa sekunde 15. Halafu jiulize kama ungependa mtu akwambie "vuta kwa nguvu." Mgonjwa asifanye jaribio hili, yeye analijua.

Hatua ya 2: Toa kwa midomo iliyobanwa

Hii ndiyo silaha ya kwanza, haina gharama, na wagonjwa wengi huigundua wenyewe kabla ya kufundishwa.

Kaa, legeza mabega na shingo. Vuta kwa pua polepole, ukihesabu moja, mbili. Usijaze kifua, pumzi ya kawaida inatosha. Bana midomo ibaki na tundu dogo, kisha toa taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayepoza uji bila kuurusha kutoka kwenye kikombe. Hesabu ikikushinda, fupisha, mradi kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta.

Tundu dogo la midomo huzuia hewa isitoke kwa kasi, na shinikizo linabaki kidogo ndani ya njia za hewa zilizolegea, likizishikilia zisijifunge kabla hewa haijapita. Pia hupunguza idadi ya pumzi kwa dakika, na umeshaona hesabu yake.

Kosa linaloonekana sana ni kupuliza kwa nguvu huku tumbo limekazwa. Nguvu huzibana njia zilezile unazotaka zibaki wazi. Ukisikia mluzi umeongezeka, umezidisha. Fanya mazoezi ukiwa umetulia, dakika 5 asubuhi na jioni, kwa sababu mwili uliojaa hofu haujifunzi kitu kipya.

Kuna ushauri mmoja ambao umesambaa sana na mimi siuungi mkono kwa kila mtu: ule wa "pumulia tumbo," mkono juu ya kitovu, kifua kisitikisike. Kwa mwenye wasiwasi tu hauna ubaya. Lakini Rik Gosselink na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1995, waliwapima watu wenye mapafu yaliyoziba vibaya wakifanya hivyo, wakakuta kazi ya kupumua inaongezeka na nafuu haipatikani. Sababu umeshaijua: kiwambo chao kimelala bapa tayari. Ukijaribu ukaona unachoka zaidi, acha bila kujilaumu.

Hatua ya 3: Upe mwili mahali pa kuegemea

Umemwona mzee aliyekaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya mapaja, kichwa kimeinama. Watu wa nyumbani humwambia, "Baba, kaa wima upate hewa." Mwacheni. Akiinama hivyo, tumbo husukuma kiwambo kirudi juu kidogo na kupata nafasi ya kufanya kazi. Mikono ikiegemezwa, misuli ya shingo na kifua inayoshikamana na mabega huacha kubeba mikono na kusaidia kuinua mbavu. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1980.

Mikao ya kujua ni hii. Ukiwa umekaa, viwiko juu ya magoti au juu ya meza yenye mto. Ukiwa umesimama, mikono juu ya meza, kaunta ya duka, fimbo, au mgongo wa kiti. Ukiwa njiani hapana kitu, egemeza mgongo ukutani, miguu mbele kidogo, mikono juu ya mapaja. Usiku, lala kwa ubavu na mito miwili mitatu iliyopangwa kuanzia kiunoni. Mto mmoja chini ya kichwa hukunja shingo tu.

Kwa wanaoswali: rukuu na sijda humaliza pumzi za wengi, na ruhusa ya kuswali umekaa kwenye kiti kwa mgonjwa inajulikana. Kuna wazee wanaona haya kuitumia msikitini. Wapelekeeni kiti.

Hatua ya 4: Toa pumzi kwenye kazi nzito

Kanuni ni moja: vuta kabla ya jitihada, toa ukiwa kwenye jitihada. Kuinua ndoo: vuta ukiwa umesimama, toa unapoinua. Kuinama kufunga kamba za viatu: toa unapoinama, na afadhali uinue mguu juu ya kigoda. Ngazi: vuta ukiwa umesimama, toa huku ukipanda vidato viwili, simama, anza upya. Utachelewa, lakini utafika juu ukiwa na uwezo wa kusema hodi. Kutembea tambarare: vuta kwa hatua mbili, toa kwa hatua tatu au nne.

Kazi ya mikono iliyoinuliwa juu ya mabega, kama kuanika nguo, kusuka nywele au kuoga kichwa, huchosha kuliko kutembea, kwa sababu misuli ile ya mabega inatakiwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Shusha kamba ya nguo. Oga umekaa kwenye kigoda. Fua ukiwa umekaa, beseni juu ya meza. Anayejali hadhi ya mzazi wake asimwombe ruhusa, ashushe kamba tu.

Kula kidogo kidogo mara nyingi. Tumbo lililojaa ugali humsukuma huyohuyo kiwambo. Na ukiona unakonda, ongeza mayai, dagaa na maharage, kwa kuwa misuli ya kupumulia nayo inaliwa.

Hatua ya 5: Mpango wa dakika za kubanwa

Uandike na kuubandika ukutani, kila aliye nyumbani aujue.

Kwanza, simama ulipo, usikimbilie chumbani. Egemea kwa mkao wa hatua ya 3.

Pili, kama una dawa ya dharura ya kuvuta, vuta sasa. Kwa pumu iliyobana sana, kama daktari hakukupa mpango mwingine, salbutamol huvutwa mibonyezo 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine kupitia spesa (chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo, tazama hatua ya 7), na inaweza kurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza wakati mnaelekea hospitali.

Tatu, toa. Usihangaike kuvuta. Hewa itaingia yenyewe ikipata nafasi. Mwanzoni utaweza kutoa kwa muda mfupi mno, na si neno. Toa, toa, toa, kila mara ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyopita.

Nne, upepo usoni. Hili watu hulichukulia kama ushirikina, lakini limepimwa. Sara Booth na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 utafiti wa wagonjwa 50 waliopepewa kwa feni ndogo ya mkononi kwa dakika 5, mara usoni, mara mguuni. Ya usoni ilipunguza hisia ya kukosa pumzi. Neva za ngozi ya uso, kandokando ya pua na midomo, hupeleka ubaridi ule kwenye ubongo na ubongo hutulia. Haiongezi oksijeni. Upepeo wa ukindu wa Pwani unafanya kazi hiyohiyo wakati umeme umekatika, ila apepee mtu mwingine, mgonjwa asichoke.

Anayeuguza: usizungumze sana, usimzunguke na watu kumi, usimuulize maswali yanayohitaji jibu refu. Kaa mbele yake, toa pumzi kwa midomo polepole, naye akufuate kwa macho. Hofu hupumua haraka, kupumua haraka hurundika hewa, na hewa iliyorundikana huzaa hofu.

Hatua ya 6: Ondoa makohozi kwa utaratibu

Aliyebaki na mapafu yenye mifuko baada ya TB, au mwenye mkamba sugu, hupoteza nguvu nyingi kwa kukohoa ovyo. Wataalamu wa fiziotherapia hufundisha mzunguko wenye sehemu tatu. Pumua kwa utulivu dakika moja. Vuta pumzi tatu au nne kubwa na za taratibu, kila moja ukiishikilia sekunde 2 au 3, hewa ipite nyuma ya makohozi. Pumua kwa utulivu tena. Kisha fungua mdomo na koo, utoe hewa kwa mkupuo wa "haa," mara moja au mbili, bila kukohoa. Mkupuo mrefu kutoka pumzi ya kawaida huleta makohozi ya ndani, na mfupi kutoka pumzi kubwa huyatoa yaliyofika juu. Sasa kohoa mara moja, uteme. Rudia kwa dakika 10 hivi, asubuhi na jioni, mbali na chakula.

Rangi ni habari. Makohozi yakiongezeka, yakigeuka kijani au manjano kuliko siku zote, na pumzi ikapungua, nenda kituoni. Damu ikitoka, nenda leo, na mikupuo iache.

Hatua ya 7: Dawa ifike mapafuni

Pampu inayopulizwa moja kwa moja mdomoni huacha sehemu kubwa ya dawa kooni. Ndiyo sababu ya spesa, chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili dawa ipunguze kasi. Bei yake huwashinda wengi. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walijaribu chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo: kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha polistireni, ile plastiki nyepesi, kilifanya vibaya zaidi.

Kuitengeneza: chukua chupa safi, kavu, ya mililita 500. Kunja waya mnene ufuate umbo la mdomo wa pampu, uushike kwa koleo, uupashe moto, na utoboe kitako cha chupa. Ingiza pampu ikae imebana. Ukingo ukivujisha hewa, ziba kwa gundi au plasta. Osha kwa maji yenye sabuni ya vyombo, acha ikauke yenyewe bila kufuta kwa kitambaa, kwa sababu kusugua plastiki huitia umeme unaonasa dawa ukutani.

Kuitumia: tikisa pampu. Toa pumzi taratibu. Funga midomo kuzunguka mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja tu. Vuta polepole kwa sekunde 3 hadi 5, shikilia hadi 10, au ukishindwa pumua ndani ya chupa kawaida mara 5 au 6. Subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Mibonyezo miwili ikifanywa kwa pamoja, dawa hugongana na kupotea.

Kama pampu yako ni ya steroidi, ile ya kuzuia inayotumiwa kila siku, sukutua na uteme ili usipate utando mweupe mdomoni. Na usiiache kwa kuwa leo una nafuu. Mwenye pumu anayetegemea ya dharura peke yake anacheza na hatari.

Hatua ya 8: Tembea

Desturi yetu ya heshima humwua mgonjwa wa mapafu polepole: "Mzee asifanye kazi, apumzike." Akikaa, misuli ya mapaja hunyauka. Misuli iliyonyauka huchoka mapema na kutoa asidi mapema, nayo asidi hulazimisha kupumua haraka zaidi. Kwa hiyo anahema kwa safari ya chooni, anaogopa, anakaa zaidi.

Mazoezi hayakarabati mapafu. Yanakarabati miguu, na miguu yenye nguvu hudai pumzi chache. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa zaidi ya 3,800 wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ushahidi ulikuwa mzito kiasi kwamba wahariri walisema hakuna haja tena ya kulinganisha mazoezi na kutofanya mazoezi. Karibu na kwetu, watafiti wa Makerere na wenzao wa Uingereza waliendesha mpango wa wiki 6, mara mbili kwa wiki, kule Kampala, kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha wanatembea mbali zaidi, na hata maumivu ya kifua yakapungua.

Mwone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza ikiwa una ugonjwa wa moyo, na usianze ukiwa na homa, maumivu ya kifua au damu kwenye makohozi. Kisha:

Chagua njia tambarare yenye mahali pa kukaa, wakati wa ubaridi. Kama daktari amekuruhusu, vuta dawa ya dharura dakika 10 hadi 15 kabla. Tembea dakika 5. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni kukosa pumzi kabisa, lenga 3 au 4: unaweza kusema sentensi, huwezi kuimba. Ukipita 5, simama, egemea, toa, endelea. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3, hadi ufikie 20 au 30, siku nyingi za wiki. Kupumzika njiani hakufuti zoezi.

Siku mbili tatu za wiki, ongeza nguvu: inuka kwenye kiti na kukaa bila kutumia mikono, mara 5, kisha 10. Toa pumzi unapoinuka. Kwa mikono, chupa mbili za maji za nusu lita, kila moja ina nusu kilo, inua hadi usawa wa mabega.

Kuhema wakati wa zoezi hakuharibu mapafu. Kunatisha, lakini kukiisha ndani ya dakika chache baada ya kukaa, umefanya kazi nzuri.

Hatua ya 9: Moshi

Hapa sina maneno mengi. Acha tumbaku, na anayevuta ndani ya nyumba atoke nje. Mgonjwa asipike kwa kuni ndani. Mkaa usidhaniwe salama kwa kuwa moshi wake hauonekani, kwani hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa haina rangi wala harufu. Udi na ubani, najua, ni vigumu kuwaambia watu wa Pwani: fukizeni mgonjwa akiwa nje, mfungue madirisha kabla hajarudi. Ulizia chanjo za mafua na nimonia.

Hatua ya 10: Oksijeni, na kikaratasi cha mfukoni

Oksijeni ni dawa, ina kipimo. Tafiti mbili, ya Marekani 1980 na ya Uingereza 1981, zilionyesha kwamba wenye ugonjwa wa kuziba ambao oksijeni yao iko chini sana hata wakiwa wametulia huishi zaidi wakiitumia saa 15 au zaidi kwa siku. Kwa asiye na upungufu huo, mtungi hautibu kuhema. Asiyeandikiwa asikope pesa kununua mashine.

Na kuna hatari ya kuzidisha. Kwa wagonjwa hawa kiwango cha kulenga kwenye kipimo cha kidoleni, kile kifaa kinachobana kidole na kusoma oksijeni ya damu, ni asilimia 88 hadi 92. Huko Tasmania, Australia, utafiti wa 2010 wa wagonjwa 405 waliobebwa na ambulensi ulikuta kwamba waliopewa oksijeni kwa kipimo walikufa wachache kuliko waliofunguliwa nyingi. Oksijeni nyingi kwa mapafu hayo inaweza kurundika hewa chafu kwenye damu hadi mgonjwa akalala usingizi usio wa kawaida.

Ila kipimo cha kidoleni chenyewe kisiaminiwe kupita kiasi. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi mashine hizo zilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Namba ikisema 93 na mgonjwa anaonekana vibaya, mwamini mgonjwa. Futa rangi ya kucha kabla ya kupima, na utumie kidole kisicho na hina.

Nyumbani kwenye oksijeni, jiko na mshumaa vikae chumba kingine, na sigara ibaki nje ya nyumba.

Kimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa: hawezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu, amechanganyikiwa au anasinzia isivyo kawaida, dawa ya dharura haimpi nafuu, kifua kinauma, anatema damu, au mguu mmoja umevimba na pumzi imekata ghafla.

Ukifika mapokezi hutakuwa na pumzi ya kujieleza. Kwa hiyo leo, ukiwa umetulia, andika kikaratasi ukiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho na kadi ya bima: jina la ugonjwa uliopimwa na mwaka uliopimwa, dawa zako na mibonyezo kwa siku, dawa inayokudhuru, namba yako ya oksijeni siku ya kawaida, kiwango ambacho daktari wako amesema kisizidi, simu ya mtu mmoja anayeijua hali yako. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: NIACHENI NIKAE, MSINILAZE CHALI.